Namna ya Kuanzisha Kikundi cha Wastaafu Mtaani na Kukifanya Kidumu

Jirani zetu wa Tabata wameomba waelezwe jinsi kikundi cha wastaafu cha mtaa wetu hapa Sinza kinavyoendeshwa, nami nimeona ni heri niandike mara moja kuliko kueleza kipande kipande kwa simu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu, na katika kikundi mimi ndiye ninayeratibu masomo, kwa hiyo msomaji asishangae nikikawia kwenye masomo na kupita haraka kwenye mengine. Jambo moja nilitangulize, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Mtumishi wa umma nchini anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha miaka 60, umri ambao wengi bado wana nguvu na akili zao timamu. Mtu wa namna hiyo haji mara ya tatu mahali ambapo anakalishwa tu na kuburudishwa. Huja pale anapojifunza jambo analolihitaji wiki hiyo hiyo, au pale wenzake wanapomngoja awafundishe.

Hatua ya kwanza: ofisi ya serikali ya mtaa

Anzeni kwa mjumbe wa shina, mwende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na barua fupi inayosema mtakutana wapi, siku gani na kwa shughuli gani. Afisa maendeleo atawaeleza utaratibu wa kusajili kikundi katika manispaa, yaani katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao. Hatua hii haina ugumu wowote.

Hatua ya pili: daftari la ujuzi

Nunueni daftari moja kubwa na kulichora safu tatu: jina, jambo ninaloweza kumfundisha mwenzangu, na jambo ninalotaka kujifunza. Daftari hili lijazwe nyumba kwa nyumba, wala lisijazwe kwenye mkutano. Mkutanoni anayesema kwanza huwa ni yule aliyekuwa mkuu wa idara, na baada yake wote huunga mkono hoja. Nyumbani kwake, baada ya salamu na kikombe cha chai, mtu anakueleza kwamba haoni vizuri maandishi ya simu na kwamba amechoka kumwomba mjukuu amsomee ujumbe.

Mtaa mmoja tu wa Dar es Salaam una hazina ya kushangaza. Unaweza kumkuta aliyejenga reli ya TAZARA kabla haijakamilika mwaka 1975, aliyesimamia mitambo ya kufuma vitambaa pale kiwanda cha Urafiki, muuguzi mstaafu wa Muhimbili na karani wa bandari. Utamkuta pia mama ambaye hakuwahi kuajiriwa popote lakini alisomesha watoto wote kwa kuuza vitumbua. Huyu naye ni mstaafu, na kikundi kinachodai barua ya pensheni kwa kila mwanachama kitabaki cha wanaume watupu. Muuguzi akikubali kupima shinikizo la damu kabla ya kipindi, mpeni meza yake na kiti chake, ila makubaliano yawe wazi tangu mwanzo kwamba yeye anapima na kuandika, na ushauri wa dawa unatolewa kituo cha afya.

Hatua ya tatu: mahali na saa

Kagueni choo kabla ya kukagua ukumbi. Kama choo ni cha kuchuchumaa, kiko mbali, au kimefungwa na mwenye ufunguo hajulikani alipo, tafuteni mahali pengine hata kama hapo ni bure. Baada ya choo ni ngazi, na baada ya ngazi ni viti. Madarasa ya shule ya msingi hupatikana kwa urahisi wakati wa likizo, lakini madawati yake ni ya watoto, na mtu mwenye maumivu ya magoti akishakaa anashindwa kuinuka. Mimi napendelea viti vya plastiki vyenye mikono, ambavyo kila mtaa unavyo kwa ajili ya shughuli. Mkutane chini ya paa, si chini ya mwembe, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba zitakula theluthi ya vipindi vyenu.

Sikubaliani na wanaokutana nyumbani kwa mwanachama kwa zamu. Mwenyeji hujiona analazimika kupika, asiye na sebule kubwa hukwepa zamu yake kwa visingizio, na mwisho kikundi hubaki na nyumba mbili za wenye nafasi. Ukumbi wa msikiti au wa kanisa unafaa iwapo wanachama wote, wa dini zote, wamekubali kwa midomo yao.

Kuhusu saa, tumeona kwamba saa tatu asubuhi hadi saa tano ndiyo inayofaa, kwa kuwa joto halijapanda na daladala zimeshapungua watu wa kwenda kazini. Epukeni Ijumaa na Jumapili kwa sababu ya ibada, na Jumamosi kwa sababu ya misiba, harusi na vikao vya harusi. Siku ikishachaguliwa isibadilishwe.

Hatua ya nne: somo la simu

Somo hili ndilo litakalojaza viti na ndilo litakalowachosha kuliko mengine yote, kwa hiyo naomba msomaji avumilie urefu wake.

Kwanza, maandalizi ya simu zenyewe huchukua kipindi kizima, na ni kosa kuanza kufundisha kabla hayajafanyika. Simu nyingi za tachi walizonazo wazee zilinunuliwa na watoto wao, na akaunti ya Google iliyomo ilifunguliwa na mtoto aliyeko Mwanza, au na kijana wa kibanda cha simu ambaye hakumbukwi hata jina. Maadamu simu inawaka hakuna anayeona tatizo. Siku simu inapoganda, fundi akaifuta yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, inadai akaunti ile ile ya mwanzo na neno lake la siri, na bila hivyo haifunguki, kwa sababu ndivyo kinga ya wizi ya simu hizo ilivyotengenezwa. Asubuhi nzima inaweza kuisha kwa simu moja ya namna hiyo huku wengine wakisubiri. Dawa yake ni kuzuia: kila mwanachama afike na aliyemfungulia akaunti, au ampigie akiwa pale pale, neno la siri libadilishwe, namba ya kurejesha akaunti iwe ya laini yake mwenyewe, na maneno hayo yaandikwe kwenye daftari dogo linalokaa nyumbani. Najua vijana husema neno la siri lisiandikwe kamwe. Kwa mtu wa miaka 70 mwenye daftari ndani ya kabati lake, hatari ya kusahau ni kubwa mno kuliko hatari ya mwizi wa daftari. Namba ya siri ya pesa ni jambo jingine kabisa: hiyo haiandikwi, haitajwi, wala mwalimu haruhusiwi kuiona ikibonyezwa.

Siku hiyo hiyo ongezeni ukubwa wa maandishi katika mipangilio ya kila simu, ongezeni mwanga wa kioo, na muulizeni mwenye simu kama angependa lugha iwe Kiswahili. Wengine waliozoea Kiingereza cha ofisini hukataa, na wana haki.

Pili, walimu. Vijana wa mtaa waliomaliza kidato cha sita na kungoja chuo wanafaa sana, mmoja kwa wazee wawili, si zaidi. Kabla hawajaanza wapeni sharti moja lisilo na msamaha, kwamba mkono wa mwalimu haugusi simu ya mwanafunzi. Kijana akiulizwa jambo huichukua simu, hubonyeza mara nne kwa kasi ya umeme na kuirudisha akisema, "Tayari, bibi," na bibi hushukuru kwa upole bila kujifunza chochote. Kijana akae mikono mgongoni na aeleze kwa maneno: "Babu, shuka chini kidogo, unaona alama ya kijani? Iguse mara moja, usiikandamize." Hilo la kutokandamiza lisisitizwe, kwani waliozoea simu za batani hubonyeza kwa nguvu na kushikilia, simu ikafungua mambo ambayo hawakuyataka, wakadhani wameiharibu. Vidole vikavu navyo huwa havisomwi vizuri na kioo, hivyo wekeni kitambaa chenye unyevu mezani.

Tatu, kipindi kimoja kiwe na shughuli moja halisi. Msifundishe "matumizi ya simu janja". Fundisheni kumpigia mjukuu kwa picha leo, kununua bando wiki ijayo, na kusoma ujumbe wa wakala wiki inayofuata. Uhakiki wa pensheni upewe kipindi chake, kwa kuwa wastaafu wa PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanaweza sasa kujihakiki kwa simu, na kazi hiyo inahitaji mwanga mzuri usoni, chaji ya kutosha na utulivu. Hapa ukumbi wenye dirisha kubwa unasaidia kuliko mwalimu hodari.

Nne, pesa na matapeli. Fanyeni zoezi kwa fedha ndogo za kweli, wawili wawili wa mtandao mmoja, kila mmoja akimtumia mwenzake na kurudishiwa, na makato yalipwe na mfuko wa chai. Anayebonyeza *150*00# ya M-Pesa afundishwe kusimama pale jina la mpokeaji linapotokea, alisome kwa sauti, ndipo aweke namba ya siri. Zoezi la kusimama na kusoma jina lirudiwe hadi liwe tabia.

Kisha wasomeeni ujumbe wa kitapeli kama ulivyo. Kila mtu ana mfano wake: ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii," ule wa mtoto aliyeanguka shuleni, na ule wa pesa iliyotumwa kwa makosa ambayo mtumaji analia arudishiwe. Huu wa mwisho ndio unaowaumiza wacha Mungu, kwa sababu wao wanataka kurudisha. Waambieni kwamba ujumbe si ushahidi wa kuingia kwa pesa, na kwamba salio linaangaliwa na mwenye simu mwenyewe kwenye menyu. Akikuta pesa imeingia kweli, asirudishe kwa kuelekezwa na mpigaji. Apige namba 100 ya huduma kwa wateja aeleze, nao wataurudisha muamala. Mtoa huduma halisi humpigia mteja kwa namba 100 pekee, na hamwombi namba ya siri. Ujumbe wa tapeli pamoja na namba iliyoutuma hupelekwa 15040 bila malipo. Mwishoni mwa kipindi kila mmoja apige *106# ili aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Jiandaeni kwa mshangao, kwani mara nyingi hutokea laini ambayo mwenye kitambulisho haijui, na atahitaji mtu wa kumsindikiza kwa mtoa huduma kuifuta.

Msiendelee na somo jipya mpaka la wiki iliyopita limerudiwa. Mwanafunzi wa umri huu husahau hatua, hasahau sababu. Akielezwa kwa nini, anairudia njia mwenyewe.

Hatua ya tano: mengine ya ratiba

Mazoezi yawe mwanzoni, dakika 20 tu, kabla watu hawajakaa. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa wazee linaongeza mazoezi ya kujimudu wima ili wasianguke. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika kiti kunatosha kuanzia. Bao la mashimo 32 na kete 64 halihitaji mwalimu wala ratiba, wekeni tu ubao mahali pa kivuli, ila lisianze kabla ya somo kwisha, maana wachezaji hawataitikia mwito wowote.

Ziara moja kila baada ya miezi mitatu inatosha. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, na pale wanachama hugeuka kuwa waongozaji wa wajukuu. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 1967 katika mtaa wa Bibi Titi Mohamed, inafaa kwa wasomaji. Wenye uwezo wamekuwa wakiomba safari ya treni ya umeme kwenda Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo, huduma iliyoanza Juni 2024. Kwa safari hiyo tiketi zikatwe mapema, na mwenye dawa za saa maalumu azibebe.

Hatua ya sita: fedha

Mchango uwe wa chai na vifaa tu, uandikwe mbele ya wote, usomwe mwanzoni mwa kila mwezi. Litakuja pendekezo la kuweka na kukopa, na litaletwa na watu wema. Lipelekwe kwenye kikundi kingine chenye usajili wake, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, na kwa kuwa mwenye deni haji darasani.

Hatua ya saba: wasiofika

Asiyeonekana vipindi viwili apigiwe simu na mtu anayemfahamu. Ujumbe wa kikundi cha WhatsApp hautoshi. Akiwa mgonjwa, waende wawili, na jina lake lisifutwe kwenye daftari la ujuzi. Akiwa amechoshwa na ratiba, muulizeni safu ya pili ya daftari lake imetumika lini, kisha mpangieni kipindi cha kufundisha ndani ya wiki mbili. Ufunguo wa kabati la vifaa ukae kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti.