Somo: Kusanifu ndege nyepesi ya watu wawili, tukianzia kwenye mizani

Wengi mlioomba somo hili mliniuliza umbo la bawa na muundo wa dashibodi. Subirini kidogo. Ndege ya aina hii huanzia kwenye mizani, kalamu inafuata.

Tunatumia mipaka ambayo Marekani iliiweka mwaka 2004: viti visizidi viwili, injini moja ya pistoni, magurudumu yasiyokunjwa, uzito wa kuruka usizidi kilo 600. Tena, ndege ikipunguza mwendo bila flapi (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kuongeza mnyanyuko), bawa liendelee kubeba mpaka noti 45 au chini yake (kama kilomita 83 kwa saa).

Hatua ya 1: Gawa kilo 600

Watu wawili wa kilo 85 kila mmoja: 170. Petroli lita 75, lita moja ikiwa kilo 0.72: 54. Mabegi: 16. Jumla 240. Kwa hiyo ndege tupu, pamoja na injini, viti, redio na hata rangi, imebakiwa na kilo 360.

Sasa tazama Cessna 162 Skycatcher, ndege nyepesi ya watu wawili ya kampuni ya Cessna. Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka 2006 ikiwa na injini ya Rotax. Ile ya kuuzwa ikapewa Continental O-200-D, ndugu wa injini ya Cessna 150 ambayo mafundi wa shule za urubani wanaifungua wakiwa wamefumba macho. Kibiashara naelewa. Lakini ni injini nzito zaidi, na ndege tupu ikafika kama kilo 376. Ongeza watu wetu wawili, zinabaki kilo 54: hujajaza tenki, na begi umeliacha nyumbani. Utengenezaji ulikoma 2013, zikiwa zimeuzwa ndege zisizofika 200. Sababu zilikuwa kadhaa, bei ikiwemo, ila mimi huanza kuhesabu hizo kilo.

Hatua ya 2: Eneo la bawa

Mnyanyuko = nusu × uzani wa hewa × mwendo kwa mraba × eneo × kigawo cha mnyanyuko.

Noti 45 ni mita 23.15 kwa sekunde. Hewa ya usawa wa bahari ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Kilo 600 ni nyutoni 5,886. Kigawo cha mnyanyuko ni namba inayoonyesha bawa linanyanyua vizuri kiasi gani; bawa la kawaida bila flapi lipe 1.5. Eneo linatoka karibu mita za mraba 12. Ndege ya Van's RV-12, inayotumia Rotax ya nguvu farasi 100, ina kama 11.8. Hesabu haiko mbali na kiwanda.

Hatua ya 3: Mkia

Hapa usifanye ubahili. Mnamo Septemba 2008 Skycatcher moja ya majaribio ilianza kuzunguka kama pia, ikagoma kutoka. Mwavuli wa ndege (parachuti ya dharura ya kushusha ndege nzima) haukufunguka. Rubani akaruka na mwavuli wake mwenyewe, akapona. Mkia wa wima ukapanuliwa. Machi 2009 ndege nyingine ikaingia kwenye mzunguko tena. Safari hii mwavuli wa ndege ulifunguka, rubani akatoka salama, ndege ikaharibika. Wahandisi wakarudi mezani. Na hiyo ni kampuni iliyokuwa imetengeneza ndege kwa miaka zaidi ya 80! Usukani wa mkia ukikingwa na hewa chafu inayotoka kwenye bawa, rubani anakanyaga pedali bure.

Hatua ya 4: Mifuko ya saruji

Bawa husanifiwa kubeba mara 4 ya uzito wa ndege, kisha unazidisha kwa 1.5 kwa ajili ya usalama. Mara 6, yaani kilo 3,600. Lipindue bawa chali, ulipakie mifuko: ni sawa na mifuko 72 ya saruji ya kilo 50. Mingi zaidi ikae karibu na shina, michache nchani, maana ndivyo hewa inavyobeba.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisifunge injini ya gari? Ni rahisi kupata.*

Marahaba. Ipime kwanza na rejeta yake, maji yake na giaboksi ya kupunguza mizunguko ya pangaboi. Rotax 912 ya farasi 100 ni kama kilo 60 kabla ya vifaa vya ziada. Kila kilo unayozidisha puani inahamisha kitovu cha uzito mbele, halafu utalazimika kuweka uzito wa madini ya risasi mkiani ili kusawazisha. Umelipa mara mbili.

*Mkuu, mimi niko Nairobi. Hesabu yako ya usawa wa bahari inanifaa?*

Kipimo cha mwendo kitakuonyesha noti zilezile 45. Lakini uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu, hewa ni nyepesi, hivyo ardhini unakimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuishindilia hewa) inapoteza karibu sita moja ya nguvu. Ile ya farasi 100 inakupa kama 83. Jua likiwa kali, pungufu ya hapo.

*Nimesikia kikomo cha kilo 600 kimefutwa. Kweli?*

Marekani ilitangaza kanuni mpya Julai 2025 zinazoachana na kikomo hicho, na mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba ndege ndio unaobaki kuwa kipimo kikuu. Rudia hatua ya 2 kwa uzito wako mpya, uniletee eneo la bawa.