Kabla ya kushuka ngazi: Subway, Underground, Tube au Metro?

Kwetu zote ni treni za chini ya ardhi, ndiyo maana msafiri hujiandaa kwa viza na koti zito bila kuwaza kibao cha mlangoni mwa kituo. Kiwaze kabla hujapanda ndege, kwa sababu neno moja hubadilika maana mji hadi mji.

London ndiko kwenye mtego mkubwa. Ukiona kibao cha Subway, pale Hyde Park Corner kwa mfano, ukashuka na mabegi yako, utapita chini ya barabara na kuibukia ng'ambo ya pili. Ni njia ya waenda kwa miguu. Treni itafute kwenye duara jekundu lililokatwa na utepe wa buluu ulioandikwa Underground. Wenyeji husema Tube, na ukisema hivyo utaeleweka haraka zaidi. Zamani jina hilo lilikuwa la njia zilizochimbwa chini sana kwa umbo la bomba, kama ile ya mwaka 1890. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi, ya 1863, ilichimbwa kama mtaro barabarani kisha ikafunikwa. Leo hakuna anayezitenganisha. Usishangae pia ukiambiwa upande Tube na ngazi zikakupeleka juu: zaidi ya nusu ya mtandao huo uko juu ya ardhi.

Ukifika Glasgow, mji wa Scotland ulio ndani ya Ufalme uleule wa Muungano (UK), Subway ni treni kweli. Ipo tangu 1896, ina vituo 15 kwenye mzunguko mmoja tu. Hata ukikosea upande utafika, ila utachelewa.

New York uliza Subway. Ukisema Metro, huenda ukaelekezwa Metro-North, treni za kwenda vitongoji vya kaskazini kutoka kituo cha Grand Central. Soma kibao kabla ya kulipa, maana baadhi ya milango ni ya upande mmoja tu, Uptown (kuelekea kaskazini) au Downtown (kuelekea kusini). Hakikisha pia treni unayopanda ni Local, inayosimama kila kituo, au Express, inayoruka vingine. Washington, Metro ndilo jina lenyewe la treni. Los Angeles jina hilo hubeba hadi mabasi, kwa hiyo taja Metro Rail.

La nauli nalisisitiza kwa sababu linagusa mfuko. London gusisha kadi ya kulipia kwenye mashine ya mlangoni unapoingia na unapotoka, na iwe kadi ileile au simu ileile. Usipogusisha wakati wa kutoka, unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa. New York unagusisha wakati wa kuingia tu.

Ndege yako ikitua usiku, New York treni hutembea saa 24. London njia nyingi hufungwa baada ya saa sita usiku, na chache tu hukesha Ijumaa na Jumamosi. Tafuta mapema saa ya treni ya mwisho, uiandike.