Chai ya Watoto wa Shule Huandaliwa Jioni

Mwanza jua linachelewa. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi zaidi, na jua linatufikia kama dakika 25 hivi baada ya wenzetu wa pwani. Kwa hiyo linachomoza kati ya saa 12 na dakika 25 hivi na saa 1, mwaka mzima. Gari la shule halina habari na hayo. Kwetu Bugarika, huku juu kwenye mawe, linapiga honi kule barabarani saa 12 na dakika 10, na mtoto anatakiwa awe ameshateremka na tochi yake. Toa muda wa kushuka, wa kuoga, wa kuvaa, na wa kumwamsha tena yule aliyerudi kulala akiwa amevaa soksi mguu mmoja. Inabaki robo saa ya kukaa mezani. Ndani ya robo saa hiyo hakuna anayepika. Watu wanamimina, wanamenya, wanakula.

Ndiyo maana karibu kila jambo nitakalolitaja hapa kuhusu kifungua kinywa chao ni la jioni iliyotangulia.

Anza kwa kuuliza shuleni, maana wengi hatuulizi: mtoto anakula tena saa ngapi? Shule nyingine zinatoa uji saa 4, nyingine hakuna kitu mpaka mchana, nyingine zinaruhusu kontena la chakula na nyingine haziruhusu. Anayepata uji saa 4 anaweza kuondoka nyumbani na kikombe kimoja na kiazi. Anayekaa mpaka saa 7 anahitaji kitu kinachokaa tumboni. Halafu kuna wale ambao saa 11 na nusu, gizani, koo halipitishi kitu. Huyo wa kwangu wa darasa la pili ni mmoja wao. Nilimlazimisha muhula mzima, tukawa tunaanza siku kwa machozi, mpaka bibi yake akaniambia, "Mwanangu, wewe mwenyewe saa hizo unakula?" Sikuwa nakula. Siku hizi anakunywa nusu kikombe mezani, kingine anabeba. Tukasogeza na chakula cha usiku kutoka saa 3 kwenda saa 1, na njaa ya asubuhi ikarudi yenyewe.

La pili ni lugha yetu. Tunasema "mtoto amekunywa chai" tukimaanisha amepata kifungua kinywa, na mara nyingi ni kweli kwamba amekunywa chai tu: chai ya rangi, sukari vijiko 3, maandazi 2. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Jumlisha na ile iliyomo ndani ya andazi uone. Ubaya wa maandazi ni kwamba yanashibisha haraka na njaa inarudi haraka, ndipo mtoto anasinzia kwenye hesabu. Majani ya chai nayo yana tanini, inayoshika madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka, maharage na mboga, sehemu yake ikapita tumboni bila kuingia mwilini. Sisemi chai ifutwe nyumbani, mimi mwenyewe siwezi. Ila ya watoto tumeihamishia jioni, wakirudi, mbali na mlo. Asubuhi wanapata uji, maziwa, au maji ya uvuguvugu yenye ndimu.

Sasa uji, na hapa nitakaa kidogo.

Unga ndio wa kushughulikia kwanza, tena wikiendi. Kuna mashindano ya unga wa lishe wenye vitu 7, 9, mpaka 12, kana kwamba kila punje inaongeza akili. Kadiri mchanganyiko unavyokuwa mrefu, ndivyo inavyokuwa vigumu kujua kipi kiliingia kikiwa kimeoza. Mimi natumia ulezi na mahindi, basi, na soya kidogo. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe iive kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia mwili kuyeyusha protini, na inaleta gesi tumboni. Karanga sizisagi pamoja na unga hata kidogo. Mafuta yake yanachacha upesi kwenye joto letu, na karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa kuvu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuipika hakuiondoi. Kwa hiyo karanga nanunua kidogo kidogo, nachambua zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, nakaanga, nasaga peke yake. Kijiko kimoja kinaingia kwenye uji ukishaiva.

Jioni, kabla ya kulala, unga wa kesho unakorogwa na maji baridi kwenye bakuli na kufunikwa. Ukilala hivyo unaumuka kidogo, unapata uchachu mzuri, na asubuhi hautoi mabonge. Mzazi anaamka saa 11, maji yakichemka anamimina, anakoroga, anaacha utokote dakika 10 mpaka 15, kisha unaingia kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Wakati watoto wanatoka kuoga, uji umeshawasubiri. Ukiona unakuwa mzito na watoto hawaumalizi, usikimbilie kuongeza maji, maana utabaki unawanywesha maji yenye rangi. Loweka ulezi, uache uote siku 2 au 3, ukaushe, usage. Hicho ni kimea. Kijiko kimoja ndani ya uji mzito uliopoa kidogo kinaulegeza wenyewe, kisha unaurudisha jikoni uchemke tena. Bibi zetu walikitumia kwa togwa na wala hawakuona ni maajabu.

Niliwahi kujifanya mjanja: nikapika uji wa maziwa saa 4 usiku, nikaujaza kwenye chupa ili asubuhi nilale zaidi. Chupa yangu ya zamani haikufikisha joto hata saa 9 usiku. Asubuhi kilitoka kitu chenye harufu ambayo iling'ang'ania kwenye kifuniko wiki 2, na watoto wakaugomea uji wowote kwa muda huo huo. Chupa inatunza cha moto kwa muda mfupi. Ukiulaza humo ukapoa, umewaandalia vijidudu kitanda.

Siku zisizo za uji ni za viazi. Kwa mkoa unaolima viazi vitamu kama wetu, kumpa mtoto mkate mweupe wenye siagi ya kupaka kila siku ni kusahau tulipo. Chemsha jioni pamoja na maganda, asubuhi menya. Vile viazi lishe vyenye rangi ya chungwa ndivyo bora, kwa sababu rangi hiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ila vinahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe: karanga, parachichi, au maziwa. Viazi visipokuwepo sokoni kuna matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa. Roweka usiku, pasha asubuhi, au mpe mtoto avitafune vikavu njiani kama ana meno ya kazi. Usichanganye na michembe, ambayo imekaushwa ikiwa mbichi. Hiyo inataka kupikwa muda mrefu, ni chakula cha Jumamosi.

Kitoweo cha asubuhi kwetu ni dagaa, na najua kuna watu wanakunja uso. Hoja ni rahisi: dagaa analiwa na miiba yake, kwa hiyo mtoto anapata protini na kalsiamu kwa pesa ambayo haifiki bei ya nyama. Ukienda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uliza walianikwa wapi. Wa mchangani ni wa bei rahisi, lakini utawapepeta na kuwaosha mpaka uchoke na bado jino litagonga chembe. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo na ndio wa watoto. Kumbuka pia kwamba wavuvi huwavua kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na bei inapanda, kwa hiyo nunua kabla. Jumapili natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto, nakausha, nakaanga wakauke kabisa, naweka kwenye kopo lenye kifuniko. Asubuhi kiganja kimoja pembeni ya kiazi. Kuna wanaowasaga na kuwatia kwenye uji. Nilijaribu. Uji ulinuka mwalo mzima, na sitarudia.

Mayai yachemshwe jioni kama una friji, na yabaki na maganda yake mpaka saa ya kula. Huna friji, yachemshe asubuhi pembeni ya uji, ni dakika 10 tu. Maziwa mgando ni rafiki wa asiye na jokofu, kwa kuwa uchachu wake unayalinda. Nunua tu kwa mtu unayejua anayachemsha kabla ya kuyagandisha.

Kiporo cha wali kinahitaji onyo lake. Sisi sote tumekula wali wa jana na chai, na wengi tukasalimika. Lakini mchele una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala kwenye sufuria juu ya meza, zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiukaanga na kitunguu. Mtoto anatapika saa 3, akiwa darasani. Kama unataka kiporo, toa sehemu ya kesho wali ukiwa ndiyo kwanza umepakuliwa, utandaze kwenye sahani upoe upesi, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, na upashe uwe wa moto hadi katikati. Umeme ukikatika usiku kucha, wali huo umwage. Mihogo ya kuchemsha, nunua ile mitamu kwa muuzaji unayemjua, na usiwape watoto mibichi.

Tunda ni lolote lililoiva: papai, ndizi, chungwa la Ukerewe. Chungwa lina faida ya ziada kwa sababu vitamini C inasaidia chuma cha uji na maharage kuingia mwilini, yaani kinyume cha ile kazi ya chai. Likatwe asubuhi, lisilale limekatwa.

Yaliyobaki ni ya saa 3 usiku, na hayachukui dakika 5. Tikisa mtungi wa gesi. Ukiwa mwepesi, weka mkaa na kiberiti karibu na jiko, kwa sababu bodaboda wa gesi hapandi mawe yetu saa 11 alfajiri hata umwite kaka mara ngapi. Hakikisha kuna maji yaliyochemshwa ya kutosha chupa zote za shule, maana bomba linaweza kuamka kavu. Vikombe vitolewe, vijiko vihesabiwe, makontena yawe wazi yakisubiri. Tochi ichajiwe. Na huyo mkubwa wa darasa la tano, ambaye sasa anajua kumimina uji bila kujiunguza, aambiwe mapema kwamba kesho ni zamu yake kummenyea mdogo wake kiazi. Akiambiwa asubuhi, atasema hakusikia.