Mboga na Samaki Nyumbani: Jinsi ya Kuvuka Baridi ya Arusha

Mwezi wa sita ukiingia, mawingu huufunika Meru mpaka mchana, na akwaponiki, yaani mfumo wa kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale, iliyokuwa ikijiendesha inaanza kudai uangalizi. Sukuma wiki haina shida na baridi. Wanaoumia ni samaki, pamoja na bakteria wanaogeuza amonia, taka yenye sumu inayotoka kwa samaki, kuwa naitreti, chakula cha mboga. Kazi yako mpaka Agosti ni joto la maji.

1. Pima maji alfajiri, kila siku, uandike. Sato hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hamu ya kula hupungua, karibu na 16 huacha kula, na maji yakikaribia 10 hufa.

2. Kinga tanki. Liinue juu ya mbao lisikalie saruji, lizungushie magunia ya maranda, na jioni lifunike kwa turubai ukiacha upenyo wa hewa. Vitanda vya kokoto vilivyopandwa mboga vifunike kwa nailoni ya kitalu nyumba, lakini mchana iinue, la sivyo unyevu utaleta ukungu kwenye majani.

3. Punguza mzunguko wa usiku. Maji yakipita kwenye kokoto za baridi hurudi tankini yamepoa. Mchana pampu ya maji ifanye kazi dakika 15 kila saa. Usiku inatosha mara moja kila baada ya saa mbili au tatu. Pampu ya hewa isizimwe kabisa.

4. Lisha kwa kufuata kipimajoto. Hapa ndipo wengi hupoteza samaki, na inaniuma kwa sababu inazuilika. Subiri saa nane mchana, maji yakiwa yamepata joto. Tupa chakula kidogo, usiondoke. Wakipanda juu na kunyakua, ongeza. Vidonge vikiwa bado vinaelea baada ya dakika 15, vitoe kwa chujio na kesho upunguze. Chakula kinachooza huzaa amonia wakati bakteria wamezubaa kwa baridi, na maji mengi ya Arusha yana pH (kipimo cha asidi au alkali) ya juu, hali inayoizidishia amonia sumu. Pima amonia kila wiki. Ikipanda, acha kulisha siku mbili tatu na ubadilishe sehemu ya maji. Samaki wakubwa hawatakufa njaa. Ukiwa na maji ya mvua ya masika uliyohifadhi, tumia hayo, ila yaongeze mchana, kidogo kidogo.

5. Panda zinazopenda ubaridi: sukuma wiki, chainizi, figiri, saladi, dhania. Bamia na nyanya zisubiri joto lirudi. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa chuma. Tia majini chuma cha DTPA, aina ya mbolea ya chuma inayoyeyuka. Wadudu mafuta wakivamia sukuma, waoshe kwa maji au uwafute kwa vidole chini ya jani. Usipulize dawa yoyote ya dukani, maana itateremka kwenye kokoto hadi kwa samaki.