Somo: Jalada la kitaaluma kwa mtihani wa kufuzu wa PhD

Baadhi ya programu za uzamivu, hasa Marekani, hazimkalishi mwanafunzi chumbani na karatasi ya maswali. Anakusanya kazi zake kwenye jalada, jopo linalisoma, kisha anaitwa kulitetea kwa mdomo. Akifuzu ndipo anaendelea na tasnifu. Huku kwetu Mwanza wengi tumezoea kutetea pendekezo la utafiti, kwa hiyo mtu akipata nafasi ya nje anadhani jalada ni bahasha ya vyeti. Sivyo.

1. Anza na mwongozo wa idara yako: kurasa ngapi, kazi ngapi, nani anasaini. Usimuulize rafiki wa chuo kingine, taratibu hazifanani.

2. Toa kila ulichoandika, halafu chuja bila huruma. Ukiweka kitu, umeruhusu uulizwe. Jedwali usiloweza kueleza limekokotolewaje, rudi ulisome au liondoe. Vyeti vya semina za siku moja viache nyumbani.

3. Andika waraka wa kuunganisha, yaani maelezo ya jinsi kazi zako zinavyohusiana. Kazi yenyewe iko hapa. Tuseme unasomea uvuvi. Una insha ya sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo. Una bango la mkutano kuhusu dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, na mapitio ya maandiko ya magugu maji. Wengi huandika: "Mwaka wa kwanza niliandika insha, mwaka wa pili nikaandaa bango." Hiyo ni ratiba. Jaribu hivi: "Insha iliniachia swali: furu walipopungua, sangara alikula nini? Dagaa na uduvi wa ziwani ni sehemu ya jibu, ndiyo maana nikahamia kwa dagaa." Magugu maji je? Yatoe, hata kama yalikupa A. Hayamo kwenye swali.

4. Kazi ya pamoja, taja sehemu yako: nani alikusanya data, nani alichambua, nani aliandika.

5. Unganisha yote kwenye PDF moja yenye yaliyomo, ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama majedwali hayajavurugika.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Nyegezi, sina makala iliyochapishwa hata moja. Nimekwisha?
— Marahaba. Hujakwisha, programu nyingi hupokea rasimu. Ila andika hali yake kwa ukweli: rasimu, imewasilishwa, au imekubaliwa. Ukiandika "imekubaliwa" na bado iko kwa wahakiki, huo ni udanganyifu, na barua pepe moja kwa mhariri inatosha kukuumbua.

Kaka, mahojiano yangu na wavuvi ni ya Kiswahili na jopo halikijui. Nitafsiri yote?
— Hapana. Nukuu unazozitumia ziache kwa Kiswahili, tafsiri iwe chini yake. Mengine fupisha. Na majina ya wavuvi yafute, hata yale ya mitumbwi, maana mwalo mzima unajua mtumbwi upi ni wa nani.

Insha niliyopata C niiweke?
— Kama umeiandika upya, weka zote mbili, ya zamani na mpya, na aya moja inayosema ulibadilisha nini na kwa nini. Kama hujaigusa, iache.