Mpango wa hifadhi inayovuka mpaka: anza na njia ya tembo

Ukiketi Nairobi kuandaa mpango wa Amboseli ya Kenya pamoja na Enduimet, eneo la jamii la kuhifadhi wanyamapori nchini Tanzania, usianze na mpaka. Anza na nyayo. Hifadhi ya Amboseli ni kilomita za mraba 392 tu. Tembo wake hupita ushoroba (mapito ya wanyama) wa Kitenden kuelekea miteremko ya Kilimanjaro, na njia hiyo ni ardhi ya watu.

Chora ramani moja ya pande zote mbili: njia za wanyama kiangazi na masika, maji, malisho, mashamba. Hapa ndipo wengi huharibu. Ramani za karatasi za zamani za Kenya na Tanzania hutumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, ilhali jipiesi (GPS) husoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukichanganya vipimo vya mifumo hiyo bila kuvigeuza viwe vya mfumo mmoja, alama huhama takriban mita 300, na ua wa umeme unaangukia katikati ya boma la mtu.

Sensa ya wanyama ifanyike siku zilezile pande zote. La sivyo kundi lililovuka litahesabiwa mara mbili.

Wazee wa Kimaasai washirikishwe kabla rasimu haijaandikwa, si baada. Wenye ardhi wakiuza vipande vikazungushiwa seng'enge, ushoroba umekufa. Kwa hiyo malipo ya kukodi ardhi yao yaingie kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.