Kufungasha Dawa kwa Kifuniko cha Kuzuia Watoto katika Famasia za Marekani

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inataka karibu kila dawa ya kumeza inayotolewa kwa cheti cha daktari ifungwe katika chombo ambacho mtoto wa chini ya miaka mitano atashindwa kukifungua kwa urahisi. Mwongozo huu ni kwa wenzangu mnaoanza kazi ya kufungasha dawa huku.

Hatua ya 1. Chukua kifuniko cha kuzuia watoto kabla hujauliza lolote, kwani hicho ndicho cha kawaida kisheria.

Hatua ya 2. Kagua kama dawa imesamehewa. Nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi imesamehewa, kwa kuwa mgonjwa aliyebanwa na kifua hana muda wa kuhangaika na kifuniko. Iache katika chupa yake ya kioo kutoka kiwandani, maana hupoteza nguvu ikihamishiwa kwenye plastiki. Misamaha mingine ina viwango, kwa mfano vidonge vya prednisone visivyozidi jumla ya miligramu 105 katika pakiti moja, kwa hiyo soma orodha wala usikisie.

Hatua ya 3. Sikiliza ombi la mgonjwa. Yeye anaweza kuomba kifuniko chepesi kufungua kwa dawa zake zote, ilhali daktari huagiza hivyo kwa kila cheti peke yake. Sheria ya shirikisho haidai ombi liwe la maandishi, lakini naona ni lazima kuchukua sahihi na tarehe, na kumuuliza mzee anayelalamikia vidole vyake kama wajukuu humtembelea.

Hatua ya 4. Dawa inapojazwa upya, tumia kichupa kipya cha plastiki pamoja na kifuniko kipya, kwa sababu meno ya plastiki hulika. Chupa ya kioo inaweza kurudiwa, ila kifuniko kibadilishwe.

Hatua ya 5. Mweleze mgonjwa ukweli wakati wa kumkabidhi. Katika majaribio, watoto wa miezi 42 hadi 51 hupewa dakika tano, kisha huonyeshwa namna ya kufungua na kupewa tano nyingine. Kifungashio hufaulu iwapo angalau asilimia 80 wameshindwa, na hivyo mtoto mmoja kati ya watano anaweza kuwa amefungua. Kifuniko huchelewesha tu. Dawa ikae juu, kabatini, na namba ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, iandikwe kwenye mfuko.